Wimbo wa Kuteremsha

Mama yake Wariara huuza mahindi na maharagwe sokoni Rongai, na ukitaka kumkasirisha asubuhi na mapema, muulize binti yake anafanya kazi gani. Atakutazama kutoka kichwani hadi miguuni, achote maharagwe kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, akumiminie, ndipo aseme, "Anatunga nyimbo." Na kama wewe hutosheki ukauliza ni nyimbo gani, atasema, "Hazina maneno." Hapo nakushauri ulipe uende zako.

Si kwamba hampendi mtoto wake. Anampenda mpaka anaumwa. Lakini alimwona Wariara akipata kazi Naivasha, kufunga waridi kwenye shamba la maua, kazi yenye mshahara wa kila mwezi na chakula cha mchana. Kisha akamwona akiiacha kwa miguu yake mwenyewe, bila kufukuzwa na mtu, akahamia chumba kimoja pale Free Area, Nakuru, yeye na kinanda chake. "Mami," mama alimwambia bintiye siku hiyo, "kama ni kuimba, si uimbe basi? Nani atanunua wimbo na hajui umemwambia nini?"

Wariara tangu utotoni, alipokuwa akipiga kinanda kanisani, maneno yalimkwama kooni lakini sauti hazikumkwama. Alikuwa na jambo moja tu moyoni: ale, avae na alipe kodi ya nyumba kwa kutunga, basi. Hakutaka umaarufu. Hata picha hapendi kupigwa, huwa anafumba macho.

Msimamizi wake kule Naivasha, Chepkorir, mwanamke wa sauti kubwa na roho nzuri, hakumcheka. Alimwambia hivi: "Nenda ujaribu. Lakini Januari tunaanza kufunga maua ya Siku ya Wapendanao, na lazima nijaze meza zote. Kama hujapata njia kufikia hapo, rudi. Meza ikijaa, imejaa, usije kunililia." Kwa hiyo Wariara alikuwa na muda mpaka Januari, na alijua hivyo, na kila alipopika uji bila maziwa alikumbuka hivyo.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Sydney. Kama unaishi Nakuru umeshamwona: kijana mwembamba, kofia kisogoni, anapita katikati ya watu na kamera akisema, "Pole mathe, pole mzee, nipitie hapo kidogo." Anapiga video za harusi na za mazishi, na kurusha mtandaoni moja kwa moja ili watoto walioko ng'ambo waone. Shida yake ilikuwa muziki. Siku moja aliweka wimbo mashuhuri wa injili chini ya mazishi ya watu, mtandao ukautambua, ukainyamazisha video nzima, na wale watoto wa marehemu kule Marekani wakabaki wakimtazama mchungaji akifungua na kufunga mdomo. Matusi aliyopata Sydney siku hiyo hayasemeki.

"Wari, nisaidie," akamwambia. "Nipe vitu vyako. Vitu havina mwenyewe mwingine."

Akampa kadhaa. Mmojawapo aliuita Asubuhi ya Menengai. Aliutunga wiki ile ile aliyoacha kazi. Alipanda mlima huo mpaka ukingoni mwa kasoko, lile shimo la volkano, nayo yote imejaa ukungu huwezi kuona hata mti, halafu ukungu ukaanza kuinuka taratibu, kipande kwa kipande, mpaka ukuta wa ng'ambo ukatokea ukiwa na jua. Wariara alicheka peke yake pale juu kama mtu aliyeambiwa siri. Alirudi chumbani akaupiga jinsi alivyouona: mkono wa kulia ukipanda bila haraka, wa kushoto ukifuata nyuma. Ulikuwa wimbo wa furaha, furaha ya mtu ambaye hana anakokimbilia.

Kila alipokutana na Sydney alimuuliza habari za nyimbo zake. "Ile ya Menengai?" Sydney angesema. "Wee! Watu wanaipenda vibaya!" Wariara alifurahi, akarudi nyumbani akatunga zaidi, asiulize ni watu gani na wanaipendea wapi. Tangu alipomzika baba yake hakwenda mazishini akiweza kukwepa, na video za Sydney hakuzitazama. Sasa niambie, mtunzi gani huyo anayeutoa wimbo wake nyumbani asijue unalala wapi? Lakini ndivyo alivyokuwa, na alilipia hilo.

Desemba ilipofika, akapigiwa simu na Abby, mpangaji wa harusi kutoka Nairobi. Abby alikuwa na harusi kubwa Lanet. Bibi harusi aliitwa Cate, mzaliwa wa Njoro, na hakutaka kuingia harusini kwa nyimbo zile zile ambazo kila mtu ameingia nazo. Wariara akamtumia tano. Abby akazisikiliza kwenye gari, katikati ya foleni, akachagua Asubuhi ya Menengai. "Huu ni wa malkia," alisema. "Njoo uupige mwenyewe. Na ukienda vizuri, mwaka ujao nina harusi kila Jumamosi. Nitakuita zote."

Harusi kila Jumamosi! Wariara alikaa kitandani na simu mkononi, akacheka, akalia, akacheka tena. Hiyo ndiyo njia aliyokuwa akiitafuta. Alimpigia mama yake, naye mama akasema, "Haya, tuone," na kwa mama yule hilo ni shangwe.

Jumamosi ikafika. Hema jeupe, viti vyenye utepe, watu wamevaa wakavalika. Wariara alikaa pembeni mbele na kinanda chake, gauni limepigwa pasi mara mbili. Abby akampa ishara. Akaanza.

Mzee mmoja safu ya tatu akavua kofia.

Wariara aliona ni heshima, akaendelea. Kisha wanawake wa upande wa bibi harusi wakasimama, polepole, mikono wameikunja mbele ya tumbo, vichwa chini. Safu ya nyuma nayo ikasimama. Mama mmoja akatoa leso akaanza kujipangusa. Wanaume wanne waliokuwa wamekaa pamoja wakatazamana, mmoja akafungua kifungo cha koti kama mtu anayejiandaa kubeba. Na shosho yake Cate, bibi mzee aliyekuwa amesinzia kwenye kiti cha mbele, akashtuka, akageuka huku na huku, akauliza kwa sauti iliyosikika hema zima:

"Ni nani tena?"

Hapo ndipo Cate alipotokea mlangoni. Maskini msichana! Alitarajia vigelegele, akakuta hema zima limeinamisha vichwa na shangazi zake wanalia kilio kile cha kaburini. Uso ukamharibika. Akashika mkono wa mjomba wake akasema, "Kuna nini? Kumetokea nini?" Mshereheshaji akanyakua kipaza sauti akapiga kelele, "Jamani, tukae! Tukae! Hii ni harusi!" Abby akapita mbio akielekeza kidole shingoni kwake mwenyewe: zima, zima! Wariara akaondoa mikono kana kwamba kinanda kimemuunguza. Hakuelewa kitu. Alidhani amekosea noti.

Mama aliyeketi karibu yake akamwinamia sikioni. Hakuwa na ubaya, alimhurumia tu. "Mwanangu," alisema, "mbona unatuletea wimbo wa kuteremsha kwenye harusi?"

"Wa kuteremsha nini?"

"Wa kuteremsha mwili. Kaburini. Si ndio huo unapigwa kila mahali, kutoka Njoro mpaka Molo? Mume wa dada yangu ameteremshwa nao juzi."

Wariara alifungasha kinanda chake nyuma ya hema, karibu na masufuria ya pilau, huku muziki wa kucheza ukifunguliwa kwa nguvu ili watu wasahau. Abby alikuja akasema neno moja tu, "Nenda," na hakupokea simu yake tena. Kufikia Jumatatu kipande cha video kilikuwa kimeshazunguka kwenye simu zote za Nakuru, shosho na swali lake, na watu wakaipa harusi ile jina: harusi ya matanga.

Alimkuta Sydney kwenye kibanda chake cha kazi, akila chapati kwa maharagwe.

"Uliupeleka wimbo wangu makaburini!"

"Si nilikuambia watu wanaupenda?"

"Hukuniambia ni watu gani!"

"Wari, watu ni watu." Akaweka chapati chini alipoona macho yake. "Sikiza. Siku ya kwanza sikuwa na kingine, nikaweka huo. Familia iliyofuata wakauomba. Iliyofuata wakauomba. Sasa wanausubiri, hata jeneza halishuki kabla haujaanza. Ningefanyaje? Niwanyime?"

"Ile ni asubuhi, Sydney! Niliitunga nikiwa na furaha mpaka nacheka peke yangu! Wewe umeifanya ya maiti!"

Wariara aliondoka akilia barabarani mchana kweupe, na hakujali nani anamwona. Kilichomuuma si Abby peke yake, wala zile Jumamosi zilizopotea. Alihisi ameporwa kitu alichokitengeneza kwa moyo wake, na kila atakayemwona na kinanda sasa atakumbuka udongo.

Akampigia Chepkorir. "Ile nafasi bado iko?"

"Iko. Lakini kuna wasichana wanaitaka. Njoo Jumatatu ijayo asubuhi, nitaizuia mpaka hapo." Kisha kwa sauti ya chini, "Niliiona ile video. Pole sana. Mimi sikucheka." Alikuwa amecheka, lakini alikuwa amelia pia, kwa hiyo tumsamehe.

Mama yake alipoambiwa alishusha pumzi. "Afadhali," alisema. "Umejaribu, mami. Hakuna atakayesema hukujaribu." Na ilikuwa vigumu zaidi kwa Wariara kusikia upole huo kuliko kama angegombezwa.

Siku chache kabla ya hiyo Jumatatu, Sydney alimtafuta tena. Kulikuwa na mazishi Ijumaa huko Kampi ya Moto. Mjane, aliyeitwa Chemutai, alikuwa ameuliza kama aliyetunga ule wimbo yuko hai, na kama yuko hai, aje aupige kwa mkono wake.

"Mwambie nimekufa," alisema Wariara.

Lakini Ijumaa alikwenda. Alikwenda kwa hasira, nisikufiche. Alikuwa ameazimia kumwambia mjane ukweli, na kama ni lazima aupige, ataupiga kwa kasi, mkono wa kushoto ukiruka, ili watu wasikie kwamba ni wimbo wa jua na wamekosea wote.

Alimkuta Chemutai ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, kitambaa cheusi kichwani, wanawake wamemzunguka. Wariara akapiga magoti kumsalimia, akampa pole, halafu ile hasira ikamtoka kabla hajajiandaa. "Mama, samahani. Huu wimbo si wa mazishi. Mimi niliutunga kwa furaha."

Wanawake wakaguna kwa mshangao.

"Hata mume wangu Mbugua hakuwa mtu wa mazishi," alisema Chemutai. "Keti hapa." Akamsogezea kigoda. "Mimi Mkalenjin nimeolewa na Mkikuyu, mwanangu. Unajua hapa kwetu. Miaka ile mibaya ya vita vya makabila tulihama pamoja, tukarudi pamoja, kila upande ukituambia tuachane. Hatukuachana. Lakini kwa nyimbo, hapo ndipo walitushinda. Siku ya harusi yetu watu wake waliimba, wangu wakanyamaza. Wangu wakaimba, wake wakaangalia saa. Ubatizo wa watoto, vile vile. Leo namzika. Sitaki mtu yeyote anyamaze akizikwa mume wangu. Nilisikia wimbo wako kwa jirani, nikasubiri maneno yaanze, nijue ni wa nani. Hayakuanza."

Wariara akaenda kufungua kinanda chake.

Na kaburini ikawa kama mjane alivyosema. Kwaya ya kanisa la Mbugua iliimba Kikikuyu, vizuri sana, na upande wa pili wakasimama wakiangalia viatu. Dada zake Chemutai wakaimba Kikalenjin, machozi yakiwatiririka, na upande huu mmoja akatoa simu akaangalia ujumbe. Hakukuwa na chuki. Kila mmoja alingoja tu zamu ya mwingine iishe. Kisha mchungaji akamwinamishia Wariara kichwa, na kamba zikakazwa.

Akasahau habari ya kasi. Aliupiga jinsi ulivyokuja siku ile Menengai, taratibu, mkono wa kulia ukipanda, wa kushoto ukifuata. Ulipozunguka mara ya pili, mzee mmoja wa upande wa Chemutai akaanza kuufuata mdomo ukiwa umefumbwa, mmm, mmm. Kwaya ya kanisa ikamdaka kwa sauti ya pili, maana kwaya haiwezi kujizuia. Wanawake wakaingia. Vijana walioshika kamba wakaingia, wakishusha. Mara hukuweza tena kujua nani ni wa upande gani. Chemutai alisimama katikati amefumba macho, naye anaimba, na mkono wake umeshikwa na wifi yake, wifi ambaye, Wariara aliambiwa baadaye, hakuwahi kuingia nyumba ile hata kunywa chai.

Wariara alilia huku akipiga. Alimlilia Mbugua ambaye hakumjua, akamlilia na baba yake ambaye hakumlilia vya kutosha. Aliona aibu kwa kuja na hasira. Kisha akaona furaha, furaha kubwa kabisa, na akaona aibu tena kwa kufurahi mazishini. Lakini furaha haikuondoka.

Wali na nyama vilipokuwa vikigawanywa, mwalimu mmoja wa Rongai aitwaye Wamalwa, aliyekuja na ndugu zake, alimfuata akiwa na sahani. "Madam, sisi tunamzika mama yetu wiki ijayo," alisema. "Nilitaka kukuomba huu wimbo, lakini nimekaa nikafikiria, haumfai. Mama alikuwa na kelele. Huu ni mpole, ataudharau. Huwezi kumtungia wake? Tutakulipa kama tunavyomlipa mpiga picha na mtu wa hema, si kazi ya kuombana."

Wariara alimtazama mtu huyo na sahani yake. Kwa miezi yote hiyo alikuwa akitunga nyimbo kisha anatafuta watu wa kuwauzia. Hakuwahi kufikiria kuanza na mtu.

"Alikuwa anatembeaje?" aliuliza.

"Nini?"

"Mama yenu. Akitembea. Niambie."

Wamalwa akaweka sahani chini ya mti wa uani, na mbele ya waombolezaji wote, mwalimu mzima mwenye tai, akatembea kama mama yake: hatua ndefu, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukigombeza kuku. Ndugu zake wakaangua kicheko, dada yake akasema, "La, bega lilikuwa chini zaidi," akainuka kumwonyesha. Wariara aligonga vidole kwenye paja lake akiwafuata. Kabla hajaondoka Kampi ya Moto, familia nyingine mbili zilikuwa zimechukua namba yake, na ya pili haikuwa na msiba hata kidogo. Walikuwa na baba anayetimiza miaka tisini.

Jumapili baada ya kanisa alimpigia Chepkorir. Kufunga mlango kwa mkono wako mwenyewe si mchezo.

"Ile nafasi," alisema, "mpe mtu mwingine."

"Wariara. Una uhakika?"

"Sina. Lakini nina kazi ya wiki hii, na ya wiki ijayo, na nyingine ya mwezi wa pili. Natungia watu. Kila mtu wake. Wafu, na hata walio hai."

Nyuma ya Chepkorir zilisikika ndoo, na mtu akimwita. "Basi nitungie wangu," alisema hatimaye. "Nakulipa. Nami nautaka sasa hivi, nikiwa na masikio. Mkija kunipigia nikiwa ndani ya sanduku, utanifaa nini?"

Wariara aliweka simu juu ya meza, sauti imefunguliwa, akavuta kinanda. Hakuhitaji kumuuliza anatembeaje. Alianza chini kabisa, kwa mkono wa kushoto: gumbuti za msimamizi, vile viatu vya mpira, kwenye sakafu iliyolowa, nzito, za haraka, zikipita kati ya meza, tap tap tap tap, halafu kimya cha ghafla nyuma ya mgongo wa mtu. Kisha tena, tap tap tap, na kimya. Juu yake mkono wa kulia ukaweka vidole vya wasichana wakifunga waridi, vikienda taratibu vikipiga soga, na kila gumbuti zilipokaribia, vikakimbia.

Alipomaliza akaisogelea simu.

"Ngai," alisema Chepkorir polepole. "Kumbe miaka yote hiyo mlikuwa mnanisikia nikija."